Fundi Kakwambia Ovahoo ya Bei Chee: Utajuaje Kama Italipa?

Canter imeanza kula oili. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, na mlima iliozoea kuupanda na gia ya tatu sasa inadai ya pili. Fundi kafungua mfuniko wa oili, kautazama moshi unaotoka, katikisa kichwa: "Bosi, hii tupige ringi na beringi, tuweke gasketi mpya, Jumamosi gari linaingia barabarani." Bei aliyotaja ni theluthi ya ile uliyotajiwa kwingine kwa ovahoo kamili, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya. Ukubali?

Nawaandikia wenye lori moja au mawili, wale ambao gari likilala na mezani nyumbani panapungua. Injini ninazozisema ni za dizeli zenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta: 4D33 ya Canter, 6D16 ya Fuso, 4HF1 ya Isuzu na ndugu zao. Mwenye injini ya komon reli, ile ya kompyuta, naye atafaidika na mengi humu, isipokuwa pale nitakapomwonya.

Msimamo wangu ni huu. Ovahoo ya bei chee inalipa pale kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na silinda zilipopimwa zikakutwa bado nzima, kilichoichosha injini kikajulikana, na wewe mwenyewe huna mpango wa kukaa na gari hilo miaka mingi. Kikikosekana kimoja, hesabu inaharibika haraka. Tena uamuzi wenyewe haufanywi siku moja. Una vituo vitatu vya kusimama: kabla ya kufungua injini, ikiwa imefunguliwa iko mezani, na kabla ya kuifunga. Wengi wanaamua mara moja tu, siku ile ya kwanza, wakati hakuna aliyepima chochote.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni injini

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Oili hiyo huenda imepita kwenye ringi, lakini huweza pia kupita kwenye sili za valvu au kwenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) kama gari linayo. Ikiwa bluu inatoka kwa wingi unapoliwasha asubuhi au unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu kwa injini, kisha ikakatika, shuku sili za valvu kwanza. Ikiwa inatoka muda wote na inazidi kadiri unavyokanyaga, ringi zinaanza kuhusika. Gari la tabo, vua paipu ya hewa inayotoka kwenye tabo utazame ndani. Ukikuta oili imejaa humo, na kishafti cha tabo kinacheza juu na chini ukikishika kwa vidole, huenda unakaribia kuifungua injini nzima kwa kosa la tabo.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: ea klina imeziba, nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, pampu imefunguliwa kupita kiasi na dereva anayetaka gari "livute". Ringi hazihusiki. Moshi mweupe asubuhi unaonuka dizeli ni dizeli isiyoungua, labda kompresheni ndogo, labda plagi za moto zimekufa. Mweupe usiokatika, huku maji yanapungua kwenye rejeta bila kuvuja popote, ni maji yanaingia ndani. Hapo kazi inaweza kuwa ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) na gasketi yake tu, bila kugusa chini.

Kisha tazama inavyopumua. Injini ikiwa ya moto, iko sailensa (inavuma bila kukanyagwa mafuta), fungua mfuniko wa oili uuweke juu ya tundu umegeuzwa. Ukitetemeka tu ni kawaida. Ukirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo kama wa jiko la kuni, gesi zinapita kwenye pistoni. Kabla ya kuhukumu, angalia paipu ya briza, ile ya kupumulia injini. Mara nyingi imezibwa na uchafu, na injini nzima huonekana imekufa kwa sababu haina pa kupumulia.

Presha ya oili isipimwe kwa taa ya dashibodi. Fundi afungue swichi ya presha, afunge geji ya mkono, na asome injini ikiwa ya moto kabisa, kwanza sailensa kisha kwenye rezi ya kati. Ikishuka karibu na sifuri kwenye sailensa ya moto, beringi zinashukiwa. Lakini kwanza vuta dipstiki uinuse. Oili iliyopanda kiwango na yenye harufu ya dizeli imechanganyika, kwa sili ya pampu au nozeli inayovuja, na oili nyepesi namna hiyo haiwezi kushika presha hata kwenye injini mpya.

Sasa kipimo chenyewe, kompresheni. Usikubali maneno "kompresheni imekwisha" bila namba. Nozeli zote zitolewe, au plagi za moto pale zilipo, betri iwe imejaa, na geji iwe ya dizeli, maana ya petroli itapasuka. Injini nyingi za ukubwa huu zikiwa na afya zinatoa bar 25 na kuendelea. Zikifika 20 kushuka chini zimechoka. Andika namba ya kila silinda. Tofauti kati yao inasema mengi kuliko wastani. Zote nne zikiwa chini kwa usawa, injini imezeeka. Tatu nzima na moja imeanguka, una tatizo la silinda moja: valvu iliyoungua, ringi iliyovunjika, gasketi iliyopasuka. Mbili zinazopakana zikianguka pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yake.

Wapo mafundi wanaomimina oili ndani ya silinda wapime tena, namba ikipanda waseme ni ringi. Kwenye dizeli fanya hivyo kwa kijiko kidogo tu. Nafasi ya juu ya pistoni ni finyu mno, na oili haigandamiziki. Ukimimina kikombe utapinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), na hapo ovahoo itakuwa ya lazima.

Kama injini inagonga, iache sailensa, legeza nati ya paipu ya nozeli moja baada ya nyingine. Mlio ukipungua ulipoikata silinda fulani, umejua ulipo. Huenda ni nozeli ya silinda hiyo tu, kwa hiyo badilishanisha nozeli mbili uone kama mlio utahama nayo. Hapa ndipo onyo la komon reli: usilegeze paipu hizo hata siku moja. Presha yake inaweza kupita bar elfu moja, na dizeli inaweza kupenya ngozi ikaingia mwilini.

La mwisho kabla ya kituo cha kwanza: toa oili filta, ikatwe kwa msumeno, karatasi yake ikunjuliwe juu ya gazeti. Pitisha sumaku. Chembe zinazoshika sumaku ni chuma, huenda za ringi, za silinda au za kranki. Zinazong'aa rangi ya shaba na zisizoshika ni beringi zimeshaliwa mpaka tabaka la chini. Ukikuta nyingi za aina hii ya pili, acha kuendesha leo, usiseme nimalize tripu ya Ijumaa. Beringi bado huweza kubadilishwa, ila ikizunguka kwenye makao yake inaondoka na kranki, na wakati mwingine na bloku.

Hatua ya 2: Kilichoiua bado kipo?

Pistoni hazichoki bila sababu mapema hivyo. Ukifunga ringi mpya huku rejeta imeziba, umenunua ringi za miezi michache.

Vumbi ndilo muuaji mkubwa wa barabara zetu za changarawe, na huingia kimya kimya. Kagua paipu ya mpira kutoka ea klina hadi injini. Ipinde, tafuta ufa upande wa chini usioonekana. Futa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu, hizo ringi zilisagwa kwa mchanga. Ea klina inayopigwa upepo wa kompresa kila wiki nayo hutoboka.

Kuchemsha kunafuata: rejeta iliyojaa kutu, mfuniko wake usioshika presha, feni inayoteleza, thamostati iliyotolewa na fundi wa zamani akidhani anasaidia. Maji ya bomba matupu bila dawa ya kuzuia kutu hula laina (ganda la ndani la silinda) na pampu ya maji. Halafu kuna oili ya bei nafuu iliyojazwa kwenye galoni zenye jina kubwa, oili inayobadilishwa "ikishakuwa nyeusi" (ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku chache, kwa hiyo rangi haikwambii kitu), na mzigo wa tani saba kwenye gari la tani nne. Muulize dereva bila kumtisha. Dereva anayejua atakatwa mshahara hatasema kwamba lilichemsha kwenye mlima wa Kitonga akaendelea mpaka Iringa.

Gharama ya kuondoa chanzo iingie kwenye bei ya ovahoo. Fundi aliyekupa bei chee mara nyingi hakuiweka.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa kilomita

Bei ya fundi peke yake haisemi kitu. Chukua bei yote ya kazi, jumlisha siku ambazo gari litalala mara faida yako ya siku, kisha gawa kwa kilomita unazotarajia kuzipata. Nitatumia namba za mfano. Wewe weka zako.

Tuseme ovahoo ya bei chee ni shilingi milioni 3.5, gari linalala siku 8, na kwa siku hukuachia 100,000. Jumla milioni 4.3. Ikikupa kilomita 50,000, kila kilomita imekugharimu shilingi 86. Ovahoo kamili tuseme ni milioni 9 na siku 16, jumla milioni 10.6. Ikikupa kilomita 200,000, kila kilomita ni shilingi 53. Hapo iliyo ghali ndiyo rahisi.

Lakini kama chesisi imeshachomelewa mara mbili, giaboksi inalia na unajua utaliuza gari ndani ya kilomita 50,000, ile kamili inakuwa shilingi 212 kwa kilomita. Hata mnunuzi akikuongezea milioni 3 kwa sababu injini ni nzima, bado ni 152. Sasa ya bei chee imeshinda. Kwa hiyo swali la kwanza ni umri uliobaki wa gari mikononi mwako. Ubora wa ovahoo unafuata.

Kisha fikiria likiharibika. Ile ya bei chee ikifa baada ya kilomita 8,000, kila kilomita imekula karibu shilingi 540, kiasi kinachoweza kuzidi hata dizeli uliyochoma. Bado hujaweka bei ya kuvutwa, wala mzigo wa mtu ulioozea njiani.

Kuna chaguo la tatu ambalo fundi hatalitaja, maana halina kazi kwake: kutofanya kitu. Injini inayokula lita moja ya oili kila kilomita 1,000, oili ikiwa 10,000 kwa lita, inakugharimu shilingi 10 kwa kilomita. Hakuna ovahoo inayofikia bei hiyo. Kula oili peke yake si sababu ya kufungua injini, mradi inawaka vizuri, inavuta, presha ya oili ipo na dereva anakagua dipstiki kila asubuhi.

Dizeli ndiyo inayobadilisha hesabu. Gari lililokuwa likienda kilomita 6 kwa lita likishuka hadi 5, dizeli ikiwa 3,000, umetoka shilingi 500 kwenda 600 kwa kilomita. Shilingi mia kila kilomita zinatosha kulipia ovahoo kamili ya mfano wetu na chenji ikabaki. Ila hakikisha dizeli inaliwa na injini yenyewe, na siyo nozeli, breki zinazoshika, au bomba la mtu anayenyonya tangi usiku.

Hatua ya 4: Tenganisha kufungua na kufunga

Hiki ni kituo cha kwanza. Ukiamua kuendelea, usikubali bei moja ya jumla. Patana na fundi bei ya kushusha, kufungua, kuosha na kupima. Mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni kwenye karatasi moja ya daftari, kwamba ukisimama hapo utalipa hiyo tu. Bei ya kufunga itapangwa baada ya vipimo.

Fundi mzuri hatachukia. Anayesema "nikishafungua lazima tumalize" anakwambia mapema kwamba hataki upime. Uwepo siku hedi inapotoka, au mtume mtu unayemwamini, na piga picha namba zilizogongwa kwenye bloku na kwenye konrodi. Spea za zamani zote zibaki kwako kwenye gunia mpaka gari litoke.

Hatua ya 5: Ikiwa wazi mezani

Kituo cha pili, na ndicho kizito kuliko vyote. Vifaa ni maikromita, geji ya silinda, fila geji na rula ya chuma iliyonyooka. Kama gereji haina, karakana ya kuchonga kranki inavyo, na itakupimia kwa ada ndogo. Macho na kidole gumba havitoshi.

Silinda kwanza. Pitisha kucha juu kabisa, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Kucha ikikwama kwenye ngazi, silinda imeliwa. Ringi mpya itaigonga ngazi hiyo na kuvunjika. Kisha ipimwe juu, katikati na chini, kwa mwelekeo wa kranki na kwa mwelekeo wa kuikata. Vitabu vingi vya injini za ukubwa huu huweka kikomo cha kulika karibu na robo ya milimita. Hapo ndipo "kupiga ringi" kunapokufa: ringi ni duara, na silinda iliyokuwa yai haiwezi kuzibwa na duara. Ikiwa bado imo ndani ya kipimo na alama za kuhoni (mikwaruzo ya makusudi inayoshika oili) zinaonekana, ringi mpya na kuhoni kidogo zinatosha, nawe una bahati. Ikizidi, ni laina na pistoni mpya. Laina zipigwe kwa presi na karakana. Zisipigwe kwa nyundo na gogo.

Kranki ndiyo inayoamua bei nzima. Kila shingo (pale beringi inapokaa) ipimwe sehemu mbili, kwa mielekeo miwili. Ikiwa standadi na laini, weka beringi za standadi uende. Ikiwa na mikwaruzo inayoshika kucha, inachongwa: saizi ya kumi, ishirini, thelathini, arobaini, yaani milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Uliza iko saizi gani sasa, kwa sababu injini nyingi unazozikuta sokoni zimeshachongwa na mtu aliyekutangulia, na namba imeandikwa nyuma ya beringi zilizotoka. Iliyofika arobaini haina safari nyingine. Tena kranki zilizogumishwa juu kwa joto hupoteza ugumu huo zikichongwa sana. Muulize mchongaji kama ya injini yako ni ya namna hiyo na kama anaweza kuurudisha.

Ujanja wa kukataa hapa ni mmoja. Fundi anapiga shingo kwa msasa kwa mkono, anaweka beringi za standadi, na ili zisigonge anachomeka nyuma yake karatasi au kipande cha kopo. Injini itawaka kimya na kushika presha siku utakayolipa. Nafasi ya oili kati ya shingo na beringi inalingana na unene wa unywele tu, na hakuna mkono unaoweza kuitengeneza kwa msasa. Ili kuhakiki, weka kiuzi cha plastigeji juu ya shingo, funga kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu bila kuzungusha, fungua, linganisha upana wake na skeli ya kwenye pakiti. Kwa shingo za unene huu utegemee kitu cha karibu milimita 0.05 hadi 0.08, kikomo cha injini yako kipo kwenye kitabu chake. Kitakuchukua nusu saa.

Usisahau zile nusu-duara zinazozuia kranki isicheze mbele na nyuma. Dereva anayelaza mguu kwenye klachi huzimaliza, na zikidondoka bloku inaliwa.

Hedi iwekewe rula kwa urefu, upana na pembe kwa pembe, fila geji ichomekwe chini yake. Ikipinda ipelekwe ikachongwe, lakini ipimwe presha kwanza. Hakuna faida ya kulipia kuchonga hedi yenye ufa katikati ya valvu. Ikishachongwa, valvu zitakuwa zimesogea karibu na pistoni, kwa hiyo kina chake kipimwe na ikibidi viti vikatwe upya.

Sasa weka namba zote kwenye karatasi. Kranki standadi au inahitaji saizi ya kwanza tu, silinda ndani ya kipimo, hedi haina ufa: ovahoo ya bei chee ni halali yako, ifanye kwa amani. Kranki iko thelathini na silinda zimekwisha: umeshaingia kwenye ovahoo kamili, utake usitake, na ile bei ya mwanzo haipo tena. Bloku ina ufa, au makao ya kranki yameliwa: simama, lipa kazi ya kufungua, nenda hatua ya 7.

Hatua ya 6: Pa kubana na pa kuachia

Bana kwenye rangi, kwenye nati na bolti za pembeni, kwenye altaneta na stata ambazo bado zinafanya kazi. Bana kwa kununua spea mwenyewe Gerezani pale Kariakoo kama uko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, ukiwa na beringi ya zamani mkononi na namba ya injini kwenye simu. Usinunue kwa maelezo tu.

Usibane kwenye beringi, ringi, gasketi ya hedi na pampu ya oili. Pampu ya oili ndiyo inayosahaulika zaidi: beringi mpya zinalishwa na pampu iliyochoka, kisha watu wanalaumu beringi. Bolti za hedi na za konrodi zilizovutika zisirudishwe. Kipoza oili kifumuliwe na kuoshwa, maana chembe za beringi zilizokufa hujificha humo na kutoka siku ya kwanza ya injini mpya. Nozeli zipimwe kwenye mashine. Nozeli inayotiririsha huosha oili kwenye kuta za silinda na kutoboa kichwa cha pistoni mpya, na bei ya kuzipima ni ndogo ukiilinganisha na pistoni moja.

Kuhusu spea zisizo za kiwandani: si zote mbaya. Zipo za Japani, Taiwan, Uturuki na China zinazodumu. Sura ya boksi haikwambii lolote, kwa hiyo pima. Ingiza ringi ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake. Kwa pistoni ya milimita 108 kama ya 4D33, mwanya wa karibu 0.3 hadi 0.45 unaeleweka. Ukikuta ncha zinagusana au zimeachana milimita moja, irudishe dukani kabla risiti haijapoa.

Hatua ya 7: Injini ya mtumba

Injini iliyoshushwa kwenye kontena kutoka Japani au Dubai inaweza kuwa na bei sawa na ovahoo kamili na ikafungwa kwa siku tatu. Kwa mtu ambaye bloku yake imekufa, mara nyingi hili ndilo jibu. Shida ni kwamba unanunua historia usiyoijua. Izungushe kwa mkono duara mbili kamili. Fungua mfuniko wa valvu uone kama oili imeganda kuwa lami. Tazama tundu la thamostati kama lina kutu nyekundu. Omba sampo (bakuli la oili la chini) ifunguliwe, beringi moja ya konrodi itazamwe, na kompresheni ipimwe hapo hapo chini kwa stata na betri. Muuzaji akikataa yote, bei yake ishuke sana au ondoka. Dhamana ya "ikiwaka imeuzwa" haina maana. Taka siku kadhaa za kazi yenye mzigo, ziandikwe kwenye risiti.

Hakikisha inakuja na pampu yake, flaiwili na mikono yake ya kufungia. Halafu kuna karatasi: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo Tanzania utakwenda TRA (mamlaka ya mapato) kuibadilisha, na Kenya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Bila risiti na nyaraka za forodha za injini hiyo, kesi itakusubiri barabarani au siku ya kuuza.

Hatua ya 8: Kituo cha mwisho, kisha kuikimbiza

Kabla sampo haijafungwa, nenda ukaangalie. Kranki izunguke kwa mkono bila kukwama. Toki renchi iwepo na itumike mbele yako. Bloku iwe imeoshwa kwa sabuni na maji ya moto, njia za oili zipigwe brashi na upepo, kwa sababu unga wa kuhoni na kuchonga ni msasa uliobaki ndani. Kama chochote hakijakaa sawa, gari lilale siku mbili zaidi.

Ikishawaka, usiiache ikavuma sailensa kutwa nzima eti "ishikane", desturi ya gereji nyingi. Ringi hushikana na silinda kwa kusukumwa na presha ya kazi. Sailensa ndefu inang'arisha kuta, na injini itakula oili maisha yake yote. Ipashe moto, kagua uvujaji, presha na maji, kisha ingia barabarani na nusu mzigo kwa wiki ya kwanza, ukipandisha na kushusha rezi bila kuibana na gia kubwa mlimani. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 mwaga oili, badilisha filta, pima upya nafasi za valvu, na kaza hedi tena kama kitabu cha injini yako kinasema hivyo.

Filta hiyo ya kwanza nayo ikate. Vumbi laini la rangi ya kijivu ni la ringi kukaa. Ukiona chembe za shaba, mwite fundi siku hiyo hiyo, akiwa bado hajalipwa fungu la mwisho.